Kisima cha Thawabu za Mzee Mbaruku

Jamani, kabla sijafungua mdomo, kila aliyemo humu aape. Apa kwamba ukiulizwa nani kakwambia, utasema hujui, umeikuta tu kwenye simu. Kutuma tuma, tena uwatumie wote wenye visima majumbani kwao, ila mie simo. Umeapa? Haya, kaa kitako.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanahija, mjane wa Mzee Mbaruku. Mtaa siutaji. Ujue tu ni pembeni mwa mji, mahali ambapo zamani palikuwa na jaa kubwa la taka za mji mzima. Hilo jaa lilikuwa linanuka mpaka ukila wali unahisi unakula na lenyewe. Baadaye likafungwa. Wakaleta malori ya udongo wakalifukia, nyasi zikaota, vijana wakasimamisha magoli wakacheza mpira. Watu wakasahau. Ukimwonyesha mgeni anakubishia, anasema uwanja mzuri namna hii umekuwaje jaa.

Sasa Mzee Mbaruku enzi za uhai wake alichimba kisima uani kwake. Akasema hiki ni sadaka, kila mtu achote bure, anayeswali na asiyeswali. Siku alipokuwa anakata roho alimshika mkewe mkono.

"Hija," akamwambia, "mimi mtoto wa kuniombea sina. Nina kile kisima tu. Usikubali kifungwe."

Wenye dini mnaelewa. Mtu akifa akaacha kisima, kila anayekunywa, thawabu zinamfuata kaburini. Basi Bi Mwanahija akakishika kisima kile kama roho yake. Asubuhi akisikia ndoo ya kwanza imegonga maji anajisemea, "Haya Mbaruku, hiyo yako." Wenzake walikuwa wakimtania kwamba mume amekufa lakini yeye bado anampelekea chai.

Ikaja siku akatokea bibi afya, dada mmoja wa Kipare anaitwa Nakijwa, mpole, sauti kama anaomba radhi. Akapita nyumba kwa nyumba kwenye vile visima vya watu vilivyo karibu na lile jaa. Akawaeleza kwamba taka kufukiwa haina maana zimeisha. Mvua inanyesha, inapenya udongo, inapita kwenye ule uozo wote, inatoka chini na mchuzi wake, na ule mchuzi unatembea chini kwa chini mpaka kisimani kwako. Akasema atakuwa anakuja kila mwezi kuchukua maji yakapimwe. Kisima kitakachokutwa kibovu kitapigwa alama nyekundu na kufungwa.

Bi Mwanahija aliposikia kufungwa, akaanza kutafuta njia ya kukikwepesha chake.

Kwa sababu alikuwa ameshaona. Tangu masika yale, maji yakitulia kwenye ndoo yanatandaza utando kama mtu kamwagia tone la mafuta ya taa. Na ukiyanywa, kuna ladha ya chuma kwa mbali. Yeye alijiambia ni kutu ya ndoo. Akabadilisha ndoo. Utando ukawa ule ule. Akajiambia ni kamba.

Bibi afya akafika kwake na chupa zake, anataka kwenda kisimani. Weee! Bi Mwanahija akamzuia mlangoni, akasema kwake mgeni hachoti maji, ni aibu, watu watasema nini. Kaa hapo mkekani mwanangu. Akamwekea chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua vya moto, akachukua chupa, akazunguka nyuma ya nyumba. Huko nyuma alikuwa na tangi la maji ya mvua. Chupa akaijaza hapo.

Mie hapa nimecheka, sifichi. Serikali imekaa mkekani inalamba sukari ya vitumbua, huku nyuma inapakuliwa maji ya mawingu!

Nakijwa naye haya zilimshika. Mama mtu mzima, mjane, kakukirimu, utamwambiaje niache nichote mwenyewe, sikuamini? Akapokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru.

Majibu yakaja. Visima vya jirani karibu vyote vibovu, vikapigwa nyekundu, vikafunikwa. Cha Bi Mwanahija safi. Safi kabisa.

Basi mtaa wote ukahamia uani kwake. Foleni ya ndoo ikawa inatoka mpaka barabarani. Na yeye, jamani, alifurahi vile. Alikaa kibarazani na kanga yake akasema, "Mbaruku, leo umepata mtaa mzima." Na msidhani yeye alikuwa akinywa ya tangi. Alikuwa akinywa yale yale ya kisima. Ya tangi yalikuwa ni ya bibi afya tu.

Ikawa ndiyo kawaida. Mwezi ukifika, Nakijwa huyo, chai, vitumbua, chupa nyuma ya nyumba. Kuna siku alisita kidogo.

"Bi mkubwa," akasema, "kisima chako ndicho kilicho karibu na jaa kuliko vyote, na ndicho kisafi kuliko vyote. Wakubwa zangu kazini wanashangaa."

"Ni niya ya marehemu, mwanangu," Bi Mwanahija akamjibu. "Ongeza kitumbua."

Nyumba ya tatu kutoka hapo alikuwa anakaa Zamda. Zamda alizaa mtoto wa kike, Swaiba, baada ya kuhangaika miaka. Katoto keupe, kana nyusi kama kamechorwa. Lakini Zamda aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakatika. Ikabidi mtoto akorogewe maziwa ya kopo. Na Zamda si mchafu, mie namjua. Maji alichota kwenye kisima kilichopimwa, akachuja, akachemsha, akaweka kwenye chupa ya chai. Yote aliyoambiwa kliniki alifanya.

Mtoto akaanza kulegea. Halafu midomo ikawa na rangi kama zambarau. Na kucha. Wakakimbia hospitali. Daktari akauliza mengi, na katika kuuliza akafika hapo: mnatumia maji gani?

Zamda akajibu bila wasiwasi, "Ya kisima cha Bi Mwanahija, daktari. Kinapimwa kila mwezi, hakijawahi kukutwa na kitu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaliacha suala la maji. Akatafuta kwenye moyo, akatafuta kwenye mapafu. Wakarudi nyumbani na dawa za kifua, na Zamda akaendelea kumkorogea mwanawe.

Swaiba alifariki siku ya Ijumaa, mchana.

Sasa sikilizeni. Mwoshaji maiti wa kike wa mtaa ule ni nani? Ni Bi Mwanahija huyo huyo. Ameosha mama za watu, bibi za watu. Akaja na kafuri yake na majani ya mkunazi, analia kama wengine. Pazia likafungwa. Kina mama wakaleta ndoo mbili za maji, wametoka kuyachota kisimani kwake, maana ndiyo maji safi ya mtaa. Zamda alikuwa ameketi pembeni, amemshika mwanawe mguu.

Bi Mwanahija akainamia ndoo. Maji yalikuwa yametulia. Akaangalia ule utando.

Kumdanganya bibi afya aliweza. Lakini maiti anaoshwa kwa maji safi, anakwenda kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu, na pale mwoshaji hana wa kumkaribisha mkekani. Akasema polepole, kama anayeongea peke yake:

"Haya hapana. Nendeni nyuma ya nyumba yangu, mkanichotee ya tangi."

Mama mmoja akauliza kwa nini, na haya yamechotwa sasa hivi. Bi Mwanahija akasema tena, haya hayafai.

Zamda akainua uso. Hakupiga kelele, hakusimama.

"Bi Mwanahija," akasema, "mwanangu akiwa hai maji haya yalimfaa. Leo amekufa, hayamfai?"

Bi Mwanahija akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji. Maji ya tangi yakaletwa. Zamda akamtoa kata mkononi, akamwosha mwanawe mwenyewe, kichwa, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, huku wenzake wakimwelekeza kwa kunong'ona.

Matangani Nakijwa alikuja kutoa pole. Bi Mwanahija akamwita mbele za watu, akamwambia yote, ya chupa na ya tangi. Akampeleka kisimani akamshikisha kamba.

"Chota mwenyewe," akasema. "Nisamehe au usinisamehe, lakini leo chota mwenyewe."

Majibu ya safari hii yalikuwa mabaya kuliko ya visima vyote vya mtaa. Nakijwa alieleza akilia kwamba ndani mlikuwa na sumu ambayo mtu mzima anaweza kutembea nayo asijijue, lakini kichanga inamnyima pumzi kwenye damu. Na ukichemsha haitoki. Maji yanapungua, sumu inabaki, inazidi kukolea. Alilia pia kwa upande wake, maana kazi ya kuchota ilikuwa yake.

Kisima kikapigwa nyekundu, kikafunikwa kwa zege. Bi Mwanahija akaenda kwa Maalim wa msikiti, akamuuliza kama sasa thawabu za mumewe zimekatika.

Maalim akamwambia mumewe alichimba ili watu waishi, na niya yake ipo palepale. Kama angekifunga mapema ili watu wasidhurike, kule kukifunga nako kungekuwa sadaka, yake na ya mumewe. "Ungekuja kuniuliza," akamwambia.

"Niliogopa utasema kifungwe," Bi Mwanahija akajibu.

Mpaka leo yupo, lakini maiti haoshi tena. Hakuna aliyemkataza. Akiitwa anasema mikono imekufa ganzi.

Na aliyenisimulia haya ni Zamda mwenyewe, mama wa mtoto. Tulikuwa jikoni kwenye shughuli ya watu, tunamenya vitunguu. Alipofika pale bibi afya anapoongezewa kitumbua, mie nilicheka mpaka wenzangu wakageuka, nikasema huyo Bi Mwanahija kiboko. Zamda akaningoja nimalize kucheka. Halafu akaendelea.

Funzo: Mapenzi hayasafishi maji. Mpimaji akija, mwache achote mwenyewe pale pale watu wanapochota, na kisima kikikutwa kibovu kifunge, hata kama kimechimbwa na uliyempenda kuliko wote.