Kwa Nini Milango ya Talusan Hulitazama Ziwa

Hapo kale, milima hii ya Ufilipino ikiwa bado haijakatwa barabara, nyumba zote za mji wetu mdogo wa Talusan zilikuwa na milango iliyotazama mlima. Watu walikuwa na sababu yao. Mgeni na adui walipita njia moja, ile inayoshuka kutoka msituni, nao walitaka kumwona ajaye kabla hajafika. Ziwa walilipa kisogo. Walivua asubuhi, na adhuhuri ukungu uliposhuka walirudi majumbani, wakaota moto nyuma ya kuta nene za mianzi na nyasi.

Kulikuwa na mtu aitwaye Banog na mkewe Sinag. Walijaliwa binti mmoja, Liway. Msimu mmoja wa mvua Liway alikwenda ziwani kuchuma mashina ya mayungiyungi kwa ajili ya mboga, ukungu ukamfunika. Kesho yake mtumbwi wake ulionekana matetini, mtupu. Majirani walikuja kuwapa pole. Wakasema, "Ziwa limemchukua kimyakimya. Hakuteseka." Banog aliyashika maneno hayo kama kipofu ashikavyo mkongojo.

Mwaka uliofuata akaja muuza chumvi kutoka pwani, jina lake Ubay. Banog alimlaza kwake, na asubuhi akamwazima mtumbwi ili apeleke chumvi ng'ambo. Adhuhuri ukungu ukashuka, mgeni hajarudi. Banog alizunguka nyuma ya nyumba kuchukua kuni zilizopangwa chini ya upenu. Hapo akasikia sauti ikitoka majini, nyembamba, imechoka.

"Jamani, nchi kavu iko upande gani?"

Banog aliitikia, lakini ndani ya ukungu sauti hupotosha, na ile ya Ubay ikazidi kwenda mbali. Basi akachukua panga, akaanza kuukata ukuta wa nyumba yake.

"Baba Liway, unabomoa nyumba na mvua hii?" Sinag aliuliza kutoka ndani.

"Kuna mtu majini. Chochea moto, auone."

Sinag akatupia mekoni kuni zote kavu alizokuwa nazo. Mwanga ukatokeza katika lile tundu, ukaenea juu ya maji, na baada ya kitambo Ubay akafika ufukweni.

"Nimeita tangu ukungu ushuke," alisema. "Nilidhani mji umehama."

Walimfunika, wakampa wali wa moto. Banog mwenyewe hakugusa chakula.

"Mama Liway, humu ndani ulimsikia?"

"Sikusikia kitu."

"Nami nisingesikia, kama ningekuwa nimeketi hapa." Akausogeza wali kando. "Mtoto aliita. Aliita, nasi tulikuwa tunakula."

Sinag alichukua panga, akalipanua lile tundu mpaka likafika sakafuni, mtu akaweza kupita wima. Mvua ikaingia, ikalowesha mikeka, naye akaendelea kukata.

Majirani walipokuja na mianzi ya kuziba, aliwazuia. "Anayekuja kwa miguu atabisha hodi," aliwaambia. "Aliye majini atabisha wapi?"

Baadhi yao walitikisa vichwa, wakidhani ni majonzi tu yanayosema. Lakini mama mmoja, ambaye wanawe walikuwa wavuvi, alirudi kwake akakata ukuta jioni ile ile. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake, wakaziba milango ya upande wa mlima.

Na tangu siku hiyo nyumba za Talusan hulitazama ziwa, na ukungu ukishuka milango huwa wazi na moto huwaka, hata kama hakuna mtumbwi uliotoka. Ninyi mlioshuka leo kwa basi mmeona migongo ya nyumba zetu, mkanong'onezana kwamba watu hawa hawapendi wageni. Zungukeni huku, chakula ki tayari. Na mkiona tumenyamaza ghafla katikati ya maongezi, msidhani tumewachoka. Tunasikiliza.