Sultani Alivyolala Mbele ya Picha Yake

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akisema "shikamoo" alikuwa ameshika mguu kwelikweli, palikuwa na Sultani aitwaye Hasnuu, mfupi wa kimo, mrefu wa hasira. Kila aingiaye barazani kwake sharti alale kifudifudi mkekani, ashike miguu ya Sultani, wala asinyanyue kichwa.

Basi Sultani akamwita Shekuwe, fundi wa kupaka chokaa barazani humo, fukara asiye na mbele wala nyuma, ila alijua kuchora.

"Nichore ukutani unionavyo. Usinizidishe, usinipunguze. Ukikosea, mkono huo tutaukata."

"Nionavyo mimi, bwana wangu?"

"Kwani una macho ya nani?"

Shekuwe akatoka akiwaza. Akimchora mfupi, kampunguza. Akimchora mrefu, kamzidisha. Akajaribu kuikumbuka sura ya Sultani, ikawa haijui. Miaka yote macho yake yameishia magotini. Kesho yake akalala tena mkekani, akaibia jicho moja juu, kisha akachora.

Pazia lililofunika picha lilipoondolewa, Waziri Mbaruku alikohoa ili asicheke. Ukutani palikuwa na nyayo mbili kama mitumbwi, magoti kama mabuyu, na kule darini kichwa kidogo kama kunazi.

"Huyu nani?" akauliza Sultani.

"Ni wewe, bwana wangu."

"Miguu hii yangu?"

"Hiyo ndiyo niijuayo, naishika kila siku. Kichwani sijapata kualikwa."

"Mwiteni mwenye upanga."

Shekuwe akauficha mkono kwapani. "Uliamuru nionavyo mimi, nami huona nikiwa mkekani. Tazama kutoka pale, kisha ukate."

Sultani, asije akaambiwa ameogopa mkeka, akalala kifudifudi, akainua jicho. Kumbe kile kichwa hakikuwa kidogo, kilikuwa mbali. Lilisimama mbele yake jitu refu kama mnara, linagusa mbingu.

Waziri alitaka kuwa chini zaidi ya bwana wake, kama ipasavyo, akakosa pa kwenda. Sakafu ilikuwa imekwisha.

"Shekuwe," Sultani akanong'ona, "ni nani aliye juu yangu hivi?"

"Ni wewe mwenyewe, bwana wangu."

Sultani akacheka kwa furaha, akampa joho lake na kumwacha aende na mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi Sultani analala pale, ameshika miguu yake ya chokaa. Watu wakaingia wima, wakaeleza shida zao kwa kisogo chake, na kwa mara ya kwanza mji mzima ukamwona Sultani kutoka juu.