Hodi Katika Nchi Mbili

Hapo zamani, babu wa babu zetu wakiwa bado watoto, palikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na mto, Pumbwe na Tandao. Sultani Mlinde wa Pumbwe alikuwa na desturi yake: askari wake waliingia nyumba yoyote iliyofuka moshi, wakachota theluthi ya chakula na kuipeleka jumbani kwa Sultani. Basi watu wakaanza kuhamia Tandao, wasirudi. Sultani akaghadhibika, akapiga mbiu kwamba yeyote atakayesema maisha ya Tandao ni mazuri kuliko ya Pumbwe atakatwa ulimi.

Kisha akamwita Vuai, maskini asiye na mbele wala nyuma, ambaye maneno yake yaliwachekesha watu sokoni.

"Ewe Vuai, wewe watu wanakusikiliza. Ijumaa utasimama mbele yao, uwaambie ni nchi ipi yenye maisha mazuri. Ukiitaja Tandao, ulimi huo si wako. Ukiitaja Pumbwe nao wasisadiki, utalala gerezani."

Vuai akajibu, "Nimesikia, Bwana wangu. Ila nahitaji shahidi ambaye hapana atakayethubutu kumpinga, nami simjui mwingine ila wewe. Vaa kanzu kuukuu, tukapige hodi mlango mmoja huku na mmoja kule, wakati wa chakula cha mchana."

Sultani akakubali, maana hakuwa na shaka kwamba Pumbwe itashinda. Ikawa wakaenda kwanza mtaani Pumbwe, kwenye nyumba nzuri ya mawe, harufu ya samaki wa nazi imetanda njia nzima.

"Hodi!" akaita Sultani.

Ndani vyungu vikagongana, mtoto akazibwa mdomo, kisha ikatoka sauti ya mwanamke: "Hatupo! Sote tumekwenda shamba!"

"Na wewe unayesema je?"

"Mimi ndiye niliyetangulia!"

Wakavuka mto, wakafika nyumba ya kwanza ya Tandao, nyumba ya udongo, paa lake limetoboka.

"Hodi!"

"Karibuni!" akajibu bibi mmoja. "Sogeeni, watoto, wageni wapate nafasi. Naweni mikono, baba zangu, muhogo ungali wa moto."

Sultani akala, akaongezwa, akala tena. Akasema, "Mama, mbona hukuniuliza mimi ni nani?"

"Kwani jina lako lingekushibisha, baba?"

Basi walipokuwa njiani kurudi, kando ya mto, Sultani akajipapasa tumbo, akashusha pumzi. "Wallahi, Vuai, paa lile ni bovu, lakini watu hawa wanaishi vizuri kuliko sisi!"

Vuai akasimama ghafla. "Ole wangu, Bwana wangu! Mbiu ilisema yeyote. Nikamwite mwenye kisu, au utakwenda mwenyewe?"

Sultani akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata kofia ikamdondoka mtoni.

"Amri hiyo nimeifuta," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "na theluthi nimeifuta pia. Sitaki tena kujibiwa na watu wasiokuwepo!"

Ijumaa ilipofika, Sultani alisimama mwenyewe akawaambia watu yote, hata habari ya kofia. Naye Vuai akapewa mahali pa kudumu kwenye mkeka wa chakula wa Sultani.

Nasi tunakwenda kula. Mlango hatukuufunga.