Fungu la Tope

Mtu mmoja, Shekuwe jina lake, alikuwa na mabinti wawili na ulimi wa mchanga. Upande mmoja wa ulimi ule bahari kuu ilipiga mchana na usiku. Upande wa pili kulikuwa na hori, maji yaliyotulia, na tope, na mikoko. Katikati ya maji hayo mawili Shekuwe aliishi, akalea wanawe, akamzika mkewe.

Alipoona nguvu zinamwisha aliigawa ardhi angali hai, binti zake wasije wakagombana juu ya kaburi lake. Akachomeka boriti za mkoko kwa mstari mmoja, kutoka ncha ya huku hadi ncha ya kule, akamwambia mkubwa, Mwanamize, achague kwanza. Mwanamize akachagua upande wa bahari. Hakuna aliyeshangaa. Huko ndiko kulikokuwa na nyumba ya mawe, na minazi iliyokwisha kuzaa, na kisima cha maji matamu, na upepo wa kufukuza mbu. Mdogo, Saada, akabakiwa na upande wa hori. Fungu lake lilikuwa tope, na maji yakijaa halikuonekana kabisa isipokuwa mahali pamoja palipoinuka kidogo. Akalipokea. Baba yao alikufa mwaka uleule akiamini amegawa sawa, kwa kuwa mafungu yote mawili yalilingana kwa urefu na kwa upana.

Saada na mumewe, Kombo, walijenga kibanda cha makuti pale palipoinuka. Mwaka waliopata mtoto wa kwanza, maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu, yaliingia ndani yakafika kitandani, wakakesha wamesimama, mtoto begani. Kulipokucha Saada alikwenda kwa dada yake na nguo zilizolowa hadi kiunoni. Akaomba mahali padogo tu chini ya minazi, mpaka msimu upite.

Mwanamize hakuwa mtu mbaya. Alimpa mdogo wake nguo kavu, akamtilia chai, akamshika mtoto mpaka akalala. Ndipo akasema, "Baba aligawa, mdogo wangu. Tukianza kuvuka mpaka leo, kesho hatutajua la kuwaambia watoto." Yalikuwa maneno ya haki. Saada alikunywa chai yake, akarudi kwenye maji.

Sasa bahari ina kazi yake, nayo haikuuliza nani mkubwa na nani mdogo.

Mbele ya nyumba ya Mwanamize kulitambaa mlakasa, ule mmea wa pwani wenye maua ya zambarau, unaolala juu ya mchanga na kuushika. Mwanamize aliona unachafua uwanja. Akaung'oa wote, uwanja ukawa mweupe, wageni wakausifu. Mlakasa ule akautupa ng'ambo ya boriti, upande wa tope. Na kusi ilipovuma, mawimbi yalikuta mchanga usio na mwenyewe, yakauchukua. Mengine yaliurudisha baharini. Mengine, yale makubwa, yaliubeba juu ya ulimi na kuumwaga upande wa pili.

Mume wa Mwanamize akajenga ukuta wa mawe. Mawimbi yaliupiga yakarudi kwa hasira, na kila yaliporudi yaliuchimbua mchanga chini yake, hata ukuta ukainama, ukaanguka. Akajenga mwingine, mnene zaidi, nao ukaanguka kwa kishindo kikubwa zaidi. Minazi ya mbele ikabaki mizizi nje kama vidole. Kisima kikaingia chumvi. Siku moja baraza ya nyumba ilimegeka ikaondoka, pamoja na kipande cha ukuta wa juu ya mlango ambapo Shekuwe, wakati wa ujana wake, alikuwa amepachika vibakuli vya rangi ya buluu.

Kwa Saada, mchanga ulipofika mara ya kwanza ulikuwa msiba. Ulifukia mashimo ya kaa aliowategemea kwa kitoweo, ukafukia na miche ya mikoko. Kombo alichukua sepetu ili aurudishe ulikotoka. Saada akamzuia. "Uache," alimwambia. "Kitu kilichokuja kwa nguvu hivi hakirudi kwa sepetu." Akaokota ile mitambao ya mlakasa iliyotupwa, akaipanda juu ya mchanga mpya. Mingi ilikufa, michache ikashika. Kila kusi ilileta mchanga zaidi, na mlakasa ukaupokea, na mahali palipokuwa bahari ndogo pakaanza kukauka. Saada akapanda miti ya mivinje. Mivinje ilipokua akapanda minazi. Watoto wake wakapata mahali pa kukimbilia bila kuzama magotini.

Miaka ikapita namna hiyo, dada mmoja akipungukiwa na mwingine akiongezewa, na kati yao mstari wa boriti ambao hakuna aliyeuvuka. Walisalimiana. Walizikiana. Hawakuzungumza habari ya ardhi.

Kisha ikaja kusi moja iliyovunja nyumba ya mawe adhuhuri, watu wakitazama. Hakufa mtu. Maji yalipotulia, bahari ilikuwa imefika kwenye boriti. Fungu la Mwanamize lilikuwa limekwisha lote.

Wazee wa mji walikuja kutoa pole, na kwa kuwa walijua watu walivyo, wakalisema jambo waziwazi: mpaka ni mpaka, na ardhi iliyobaki ni ya Saada, hakuna wa kumlaumu. Mwanamize hakubisha. Mpaka ulikuwa ndio hoja yake tangu zamani. Akaanza kupakia vyombo kwenye mtumbwi ili avuke hori na mumewe, waende wakakae kwa shemeji zake ambao hawakuwahi kumpenda.

Kombo alimwona mkewe akiutazama mtumbwi, akamwambia, "Umesahau maji yaliyofika kitandani?"

"Sijasahau," Saada akasema. "Bado nayasikia miguuni."

Hakutoka kwenda kumzuia dada yake. Alikuwa na hasira ya miaka mingi, na siku ile hasira yake ilikuwa imeshinda kesi. Akachukua jembe akaenda nyuma kuchimba shimo la nguzo ya jiko jipya, apate kushughulisha mikono. Katika kuchimba akagonga kitu. Kilikuwa kipande cha chokaa, na ndani ya chokaa, nusu ya kibakuli cha buluu. Alikijua. Akiwa mtoto alikuwa akilala chali barazani akikitazama.

Akaendelea kuchimba. Mchanga ulikuwa mweupe, wenye vigae vya kombe za baharini, mchanga wa mbele, wa uwanja wa dada yake. Alichimba mpaka akaingia kiunoni, na chini kabisa jembe likatoa tope jeusi lenye harufu ya hori. Hilo tope ndilo alilopewa na baba yake. Juu yake palikuwa na nyumba yake, na minazi yake, na watoto wake, vyote vimesimama juu ya kitu ambacho hakupewa.

Alitoka shimoni akateremka mpaka ukingoni mwa hori, mikono ina udongo. Mwanamize alikuwa anafunga mkeka.

"Shusha vyombo, dada," Saada akasema. "Mimi nilipewa tope. Mchanga huu ni wako, bahari imeuhamisha tu."

Mwanamize aliketi juu ya ule mkeka. Baadaye aliuliza sufuria aiweke wapi, Saada akamwonyesha.

Msidhani ilikuwa rahisi. Jiko moja, wanawake wawili waliozoea kuamuru. Mwezi haukuisha Mwanamize akaanza kusema habari ya ukuta. Saada alimjibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma: "Hapa hatujengi ukuta, dada. Mbele tutaiachia bahari, nyuma tutapanda." Na walifanya hivyo. Zile boriti za mpaka wakazing'oa wakazitumia kujengea jiko. Walioishi kuona wanasema Mwanamize ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia topeni kila maji yalipotoka, sketi imekunjwa, akipanda mikoko mahali ambapo wajukuu wa wote wawili wangekuja kujenga. Ulimi ule wa mchanga umehama, lakini upo, na watu wanaishi juu yake.

Nanyi mlioketi hapa leo pakavu, mkiwa na mipaka yenu mikononi, hebu mniambie: mchanga ulio chini ya miguu yenu uliondoka kwa nani ili ufike kwenu, na mtu huyo amelala wapi?