Mtungi wa Bi Mwanaheri

Kipokee kisa hiki kwa mkono wa kulia, nawe ukishakisoma usikilaze ndani, mpelekee jirani.

Katika mji wa Kitumbini aliishi mjane, jina lake Bi Mwanaheri. Mwanawe wa pekee, Shomvi, alifariki kwa kiu akiwa safarini bara. Tangu hapo mama huyo aliweka mtungi mkubwa barazani kwake, na kata juu yake, ili kila mpita njia anywe na kumwombea marehemu. Kila alfajiri aliongeza maji. Hakuwahi kuumwaga mtungi ule hata siku moja.

"Maji ya sadaka hayamwagwi," alikuwa akisema. "Kuyamwaga ni kumnyima mwanangu mara ya pili."

Mwaka wa tatu mji ukaingiliwa na homa ya kidingapopo. Watu waliumwa viungo hata wakashindwa kushika kijiko. Macho yakawauma kwa ndani, miili ikatoka vipele. Tabibu Makame akasema, "Homa hii huletwa na mbu." Basi kila usiku watu wakashusha vyandarua, wakachomekea pembe zote nne, na bado wakaugua.

"Mbu hutoka penye uchafu," wakasema. Na uchafu wa Kitumbini ulikuwa na mwenyewe: Chande, mtengeneza ngozi, ambaye mashimo yake ya chokaa na magome ya mkoko yalinuka hata watu wakipita mbio, pua wameziba.

Bi Mwanaheri ndiye aliyetangulia kwenda kwa mfalme. Hakwenda kwa chuki. Alikuwa ametoka kumkanda jirani yake, ambaye siku ya kumi ile hajainuka kitandani, na moyo ulikuwa umemjaa uchungu.

"Mola akuweke, mfalme wetu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwetu. Chande na ahame."

Chande akaitwa. Alisimama mbali kidogo, kama alivyozoea kusimama mbele za watu kwa ajili ya harufu yake.

"Mfalme wangu, wazazi wangu wamezikwa hapa. Ukiniamuru nihame, nitahama. Ila maji yangu yajaribiwe kwanza. Litekwe bakuli moja shimoni kwangu, na jingine pale penye maji safi kuliko yote mjini. Yafunikwe kwa kitambaa chepesi, yakae siku saba. Tuone mbu atatoka wapi."

"Maji safi kuliko yote ni ya mtungi wa Bi Mwanaheri," watu wakapaza sauti. "Nani asiyejua?"

"Na mabakuli atayatunza nani?" mfalme aliuliza.

"Bi Mwanaheri mwenyewe," Chande akajibu.

Baraza zima likaangua kicheko. "Chokaa imempanda kichwani! Anampa mshtaki wake ufunguo!"

"Bibi huyu hunipa maji ya kunywa kila mchana," Chande alisema, "wala hazibi pua. Mimi nimeridhika."

Bi Mwanaheri akayafungia mabakuli chumbani, ufunguo akaufunga kiunoni. Siku ya nne, jua la alasiri lilipopenya dirishani na kulipiga bakuli la mtungi, aliona vitu mfano wa nyuzi vikijinyonganyonga majini. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu. Katika giza la mtungi hakuwahi kuviona. Akaliinamia bakuli la Chande: maji meusi, makali kwa chokaa, hayana kitu.

Siku ya sita, chini ya kitambaa cha bakuli lake walikuwa wametua mbu weusi, miguu yao ina mabaka meupe. Aliwatambua. Ndio hao waliokuwa wakimdona vifundoni kila mchana, akikaa barazani akiwafukuza kwa upepeo wa ukindu.

Akaketi sakafuni. Angekikung'uta kitambaa kile nje ya dirisha, nani angejua? Chande asingekuwa na la kujitetea, na jina la Shomvi lingebaki safi midomoni mwa watu.

"Mwanangu," alinong'ona, "miaka yote hii nimekuwa nikiwanywesha watu, au nimekuwa nikiwaumiza?"

Siku ya saba aliyaweka mabakuli mbele ya mfalme, vitambaa vingali vimefungwa. Watu walipoona, kelele zikazuka.

"Yamebadilishwa! Chande ana mazingaombwe!"

"Nyamazeni!" alisema Bi Mwanaheri. "Ufunguo haujatoka kiunoni mwangu. Mbu hawa ni wa mtungi wangu. Chande hana kosa. Niliyekosa ni mimi."

Tabibu Makame akasogea, akatazama, akainamisha kichwa. "Nami nimekosa. Nilisema ni mbu, sikuuliza ni mbu gani. Huyu wa mabaka hupenda maji safi yaliyotuama: mtungini, pipani, hata kwenye kifuu kilichotupwa uani. Naye huuma mchana. Alikuwa akitungoja palepale tulipokwenda kunywa."

Watu wote wakamfuata mjane hadi barazani. Akaushika mtungi, mikono ikakataa. Aliyeuinamisha pamoja naye ni Chande. Maji yakamwagika, yakanywewa na mchanga.

"Kumwaga hakutoshi," tabibu alionya. "Mayai yamenata ukutani." Wakausugua ndani kwa makumbi ya nazi na mchanga hata vidole vikachubuka, kisha wakaujaza maji mapya.

Ndipo Chande akatoa kwapani kifuniko cha ngozi, kimeshonwa vizuri. Akakivika mdomoni mwa mtungi, nacho kikakaa sawasawa, kama kilichopimwa.

Bi Mwanaheri akamkazia macho. "Hiki umekishona lini?"

"Katika siku hizi saba, bibi."

"Kumbe ulijua!"

"Nilishuku. Siku ile, kabla sijaitwa, nilikunywa kwako, nikaviona viluwiluwi vikicheza ndani ya kata."

"Ulikuwa karibu kufukuzwa, nawe ukanyamaza?"

"Ningesema, ungedhani namchafua marehemu ili nijiokoe. Nikaona heri uone kwa macho yako mwenyewe. Sadaka ya Shomvi isife, bibi. Ilikosa kifuniko tu."

Alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua tatu, mahali pake pa siku zote.

"Sogea karibu, mwanangu," mjane alimwambia. "Maji haya ya mwanzo utayanywa wewe."

Hadi leo, mtungi ule huwa barazani umefunikwa. Kila Ijumaa humwagwa, husuguliwa, hujazwa upya, na Kitumbini nzima humwaga na kusugua siku hiyo hiyo.

Funzo: Nia njema haimzuii mbu kuzaa. Kabla hujalilaani shimo la jirani, inama uchungulie ndani ya mtungi wako. Kisha umwage, usugue, ufunike.