Tundu la Mla Mbegu

Kwanza niungame, maana Mola ananiona. Siku moja shangazi yangu Mize aliniletea bakuli la ufuta alioutwanga mwenyewe, nami kwa kuwaonea haya wageni wangu nikawamwagia kuku, naye anatazama. Alikung'uta bakuli lake akaenda zake. Kila nikikumbuka siku ile, huikumbuka na hekaya hii.

Hapo zamani, katika mji ambao jina lake limepotea, alikuwapo Sultani Sherembe, mpenda samli na nyama ya mbavu, hata magoti yakamkatalia, ikawa kila ainukapo sharti anyanyuliwe na watu wanne. Tabibu akamkataza vyote vitokavyo kwa mnyama, naye akawa na hasira kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Na alikuwapo fukara mmoja, Mshangama, asiye na kitu ila kinu, mchi na mama mzee wa kulisha. Hukaanga ufuta na mbegu za maboga, akatwanga tangu adhuhuri hata alasiri, mpaka unga ujitoe mafuta wenyewe ulainike kama siagi. Wavivu hutia maji wamalize upesi, ukaharibika. Yeye hakutia hata tone. Yeye na mama yake wakaupaka kwenye muhogo wa kuchemsha, wakashiba, wakamshukuru Mungu.

Basi siku moja Sultani akipita katika machela, akamwona akilamba kidole.

"Ewe Mshangama, wala nini?"

"Mbegu, Seyyidi."

"Mbegu! Hicho si chakula cha ndege?"

"Ni kweli, Seyyidi. Tena ndege hupanda mtini bila kunyanyuliwa na watu wanne."

Wachukuzi wakauma midomo wasicheke. Sultani akafura, akanena, "Tangu leo ni sheria: alaye mbegu ni ndege, na mahali pa ndege ni tunduni. Nawe Ijumaa niletee siagi isiyotoka kwa ng'ombe, mbuzi wala kondoo. Ukishindwa, utaingia tunduni, na kinu chako kitapasuliwa kuni."

Mshangama akarudi kwake akamsimulia mama yote, maana bila kinu mama atakula nini?

"Ulimi wako utatuua, mwanangu," mama akalia.

"Tumwombe Mungu, mama, kisha unisaidie kupepeta. Amekataza kula, hakukataza kutwanga."

Akatwanga siku tatu asionje hata chembe, na akipumzika kutwanga, anasuka fito.

Ijumaa baada ya sala akaingia barazani na bakuli lake. Desturi ya mji ule, aletaye chakula kwa mfalme huonja kwanza, isije ikawa mna sumu.

"Haya, onja," akasema Waziri.

"Niwie radhi, bwana wangu, nimefunga tangu jana."

Basi Waziri akachovya kidole yeye. Akachovya tena. Alipochovya mara ya tatu Sultani akamnyang'anya bakuli, akala kwa mkate, akala kwa kidole, akalilamba hata ndevu zikang'aa.

"Wallahi tamu! Ng'ombe gani huyu?"

"Ng'ombe hayumo, Seyyidi. Ni ufuta na mbegu za maboga."

Mshangama akapiga makofi, wakaingia watu sita na tundu la fito, mlango wake mpana kama wa zizi, na jingine dogo nyuma yake.

"La nani hili?"

"La sheria yako, Seyyidi. Kipimo nilikichukua kwa machela. Na hili dogo ni la Bwana Waziri."

Sultani akamgeukia Kadhi. "Yasemaje sheria?"

"Sheria ni neno lako, Seyyidi," akajibu Kadhi, akitazama miguu yake.

Uso wa Sultani ukaiva kwa haya. Kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka kiti kikalia. "Mwiteni mpiga mbiu, sheria ile nimeiondoa! Tunduni watieni kuku. Nawe, kinu chako ki salama, na kila siku utanitwangia bakuli, nami nitakulipa vyema."

"Nitatwanga, Seyyidi. Ila uje kulichukua mwenyewe, kwa miguu."

Akaja siku ya kwanza akihema na kulaani. Akaja ya pili. Ikawa baada ya miezi mitatu wachukuzi wanne hawana wa kumbeba, Mshangama akawapa michi.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba jambo moja. Shangazi Mize angali hai, anauza ufuta wake sokoni, karibu na wauza mikeka. Mnunulie bakuli moja, ule mbele yake.