Mwiko wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa bado hawajajifunza kuogopa vivuli, palikuwa na ziwa, na kando ya ziwa palikuwa na jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa pana kama uga wa nyumba, limejitokeza juu ya maji ya kina, na chini yake ndipo sangara wakubwa walipowavizia furu, vile visamaki vidogo wanavyovipenda.

Sogeeni karibu. Wewe uliyemlalia mwenzio begani, muonee huruma, anataka kusikia naye.

Juu ya jiwe hilo Bi Nguchiro alikuwa akivua tangu utoto wake, kama mama yake kabla yake. Mnamjua nguchiro? Mdogo, mwembamba, mkia mrefu, subira fupi. Vifaa vyake vilikuwa ufito wa mwanzi, mshipi wa katani na ndoana moja. Chambo chake kilikuwa furu mzima, anayepigapiga mkia. Basi, hakuwa na kingine.

Mwaka huo Bwana Kiboko akaanzisha Chama cha Wavuvi Waheshimiwa, naye akawa Mwenyekiti. Msiniulize Kiboko alianza lini kula samaki. Hali samaki kamwe. Kiboko ni mla majani, na Katibu wake, Bwana Nyati, ni mla majani mpaka leo. Walivua ili waonekane wanavua. Mwanachama wa tatu, Fisi, alikula chochote, lakini yeye hakuvua. Yeye alikuwa Mtaalamu. Alikwenda ng'ambo ya ziwa miezi mitatu, akarudi na miwani.

Kila mmoja alikuwa na kasha la droo saba. Ndani ya droo mlikuwa na vyambo vya bandia: samaki wa bati wenye macho ya kioo, vyura wa mpira, vijiko vinavyozunguka, manyoya ya rangi ambazo hata ndege hawana habari nazo. Wakifika jiweni asubuhi, wanafungua makasha. Adhuhuri bado wanachagua.

"Leo wingu ni la kijivu," Fisi anasema, kidole juu. "Wingu la kijivu, chambo cha zambarau. Hilo halina mjadala."

"Jana ulisema kijani, Mtaalamu," anasema Nyati.

"Jana wingu lilikuwa la kijivu *chepesi*."

"Aaa!" anasema Kiboko, na wote wanarudi kwenye droo.

Alhamisi moja Bi Nguchiro akaja mbio, ufito begani. Alikuwa na sababu ya kukimbia. Jumamosi alikuwa anapokea wakwe. Bintiye, Nyamizi, ameposwa, na mama wa bwana harusi alikuwa Bi Kicheche wa nyuma ya kilima. Sasa, kicheche mnamjua? Mnamjua kwa pua. Bi Kicheche alipochukizwa hakusema neno. Aliinua mkia tu. Nyumba aliyoinulia mkia ilihamwa mwezi mzima, na posa iliyohusika haikutajwa tena. Na jambo lililomchukiza kuliko yote lilikuwa kuwekewa samaki mdogo. Kichwa cha samaki wa mkwe, kwa desturi yao, lazima kizidi kichwa cha mkwe.

Bi Nguchiro akakanyaga jiwe. Kiboko akajitanua, *fuuu!*, jiwe likajaa.

"Wapi, mama?"

"Kuvua, Bwana Kiboko. Nina wageni Jumamosi."

"Mwenyekiti," Nyati akamkumbusha kwa upole.

"Nina wageni, Bwana Mwenyekiti."

"Kasha lako liko wapi?"

"Sina kasha. Nina ufito."

Fisi akashusha miwani hadi ncha ya pua, akautazama ule ufito kama mtu anayetazama nzi kwenye uji. "Na chambo?"

"Furu."

"Furu! *Mzima?*" Fisi akacheka, kicheko chake kile mnachokijua, mpaka kikarudi kutoka upande wa pili wa ziwa. "Mama, siku hizi hatuvui hivyo. Utatuaibisha. Nenda kule Dimbwi la Bata ukavue na wenzio."

Dimbwi la Bata lilikuwa kishimo cha matope, maji ya magotini. Samaki mkubwa kuliko wote aliyewahi kuonekana humo alikuwa sawa na kidole gumba. Cha Nguchiro.

Bi Nguchiro akarudi nyumbani bila kusema kitu, na ninyi mnajua mwanamke anayerudi bila kusema kitu anafanya nini. Anafikiri.

Akasonga ugali akiwaza, akisonga kwa hasira, *paf! paf!*, na mwiko ukavunjika. *Taa!* Akabaki na kipande mkononi.

"Mama!" Nyamizi akalia. "Hata mwiko! Na mkwe anakuja! Tutampa nini, dagaa?"

Bi Nguchiro akakitazama kile kipande, akakigeuza huku na huku, akaanza kutabasamu.

"Nyamizi, mwanangu, nipe manyoya mawili ya kuku na pilipili nyekundu. Halafu bandua ule mkia pale mlangoni."

Mlangoni pa jiko palikuwa pamepigiliwa mkia wa sangara aliyevuliwa na marehemu bibi yake Nyamizi, mkubwa kama ungo, mkavu kama ngozi ya ngoma. Wakauloweka mtungini usiku kucha.

Ijumaa asubuhi Bi Nguchiro yuko Dimbwi la Bata. Kwanza akanasa furu watano, akawatia kwenye kibuyu cha maji, akakifunga. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli. Halafu akachukua kikapu, akatia gogo, akaliegemezea ule mkia, akafunika kwa khanga hadi mkia peke yake ukachungulia nje, umelowa, unang'aa. Halafu akaokota jiwe, akalirusha majini.

*Tubwi!*

"Lo! Lo! Huyoo! Usinivunjie mkono, we!" Akapiga maji kwa ufito, *chwaa! chwaa!* "Njoo kwa mama! Njooo!"

Kule jiweni Nyati akainua kichwa. "Mmesikia?"

"Ni matope yanabwabwaja," akasema Fisi.

*Tubwi!* "Yarabi, wa pili! Nitamweka wapi huyu?"

Kiboko akakiweka chini kile chambo chake cha zambarau. "Mtaalamu, hebu kaangalie. Kwa utafiti tu."

Fisi akanyemelea mpaka kwenye matete. Alichokiona cha kwanza ni mkia. Alichokiona cha pili ni Bi Nguchiro akigutuka, akikamata kitu kidogo, akikificha kifuani kwa mikono miwili.

"Habari za huku, Bi Nguchiro?"

"Hakuna kitu!"

"Nimeuliza habari tu."

"Nami nimejibu! Hakuna kitu, sijapata kitu, na hiki si kitu!" Akakifunga kile kitu kwa jani la mgomba, juu ya jani akafunga kitambaa, juu ya kitambaa kamba mafundo matatu, akakisukumia chini ya tete. "Naenda kuchota maji ya kunywa. Usiguse chochote."

Akaondoka. Hakwenda mbali, alikwenda nyuma ya kichuguu.

Nami nitawaambia siri ya wavuvi, mkiwa wakubwa mtaniamini. Mvuvi haulizi samaki wa mwenzake yuko wapi. Anauliza alinaswa na nini. Fisi, mlafi yule, alipita pembeni ya kikapu chenye mkia mkubwa kama ungo, hakukigusa! Laiti angelivuta ile khanga, hadithi yetu ingeishia hapa na Nyamizi angezeeka nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mafundo matatu, akayang'ata, akafungua kitambaa, akafungua jani.

Kipande cha mwiko. Manyoya mawili. Pilipili.

Fisi akashusha pumzi, *haaa*. Akatimka hadi jiweni nacho mdomoni.

"Nini hicho?" akauliza Kiboko.

"Hicho," akasema Fisi, akifuta miwani, "ndicho. Utazame mpindo huu, Mwenyekiti! Si mpindo wa kubahatisha huu, kuna hesabu hapa. Ukiuvuta, maji yanapita hapa, yanatokea hapa, samaki anaona... anaona..."

"Anaona mwiko," akasema Nyati.

"Anaona *mjongeo*! Na pilipili, tazama, ile nyekundu inamwita kwa macho na ule ukali unamwita kwa pua. Ng'ambo ya ziwa wanaitafuta hii miaka na miaka."

"Ila, Mtaalamu, mimi naona kama huu ni mwiko. Mama yangu alikuwa na..."

"Katibu! Unaandika au unavua?"

Nyati akarudi kuandika. Alikuwa mnyama mpole, na mara nyingi huwa hivyo, anayeona vizuri ndiye anayeambiwa anyamaze.

Chama kizima kikabeba makasha, *kongo-kongo-kongo*, hadi Dimbwi la Bata. Wakamkuta Bi Nguchiro amejishika kichwa.

"Uwii! Nani kafungua mafundo yangu?"

"Mama," akasema Kiboko, akiingia matopeni, *pwaaa*, nusu ya maji ya dimbwi ikatoka nje. "Kuanzia leo uwanja wa Chama ni huu."

"Huu? Jamani! Mmenitoa kule, sasa mnanitoa na huku? Na chambo mmekichukua? Nina wageni kesho mie!"

"Nenda jiweni."

"Jiweni kuna nini? Ninyi mmekaa mwezi mzima, mmevua nini? Siku moja mjukuu wangu aje aniulize, bibi ulikubalije kubadilishana dimbwi na jiwe kavu?"

"Basi lichukue wewe na wajukuu wako milele!" Kiboko akanguruma. "Andika, Katibu! Jiwe ni la Nguchiro, dimbwi ni la Chama. Mwenyekiti amesema."

Nyati akaandika, akamtazama Bi Nguchiro kwa jicho moja, akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi.

Bi Nguchiro akavuta kamasi. "Angalau nifuteni machozi. Mshipi wangu wa katani umechakaa. Katika makasha yote hayo, hamna hata kitu kimoja cha kutupa?"

"Chagua," akasema Kiboko, ambaye alitaka aondoke haraka. "Usiguse droo za juu."

Na hapo, wanangu, ndipo mngemjua mvuvi. Mshipi wa dhahabu akauacha. Mshipi mwekundu akauacha. Chini kabisa, chini ya vyura wa mpira, akautoa mshipi uliofifia hadi ukafanana na maji. Akauvuta kwa meno: imara. Halafu ndoana. Zile zenye shanga hakuzitazama. Akachukua moja ya kawaida, nyeusi, akaiburuza taratibu juu ya ukucha wake. Ikateleza, akairudisha. Ya pili ikateleza, akairudisha. Ya tatu ikakwama palepale kwenye ukucha, *kik!* Kali hiyo.

"Hii itanitosha," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeonewa.

"Maskini," akasema Fisi. "Ameokota takataka."

Bi Nguchiro akaenda hadi njia ilipopinda, asionekane. Kisha akakimbia.

Jiwe lilikuwa na joto la jua. Akafunga mshipi, akafunga ndoana, akafungua kibuyu. Furu wa kwanza akatundikwa mgongoni, juu juu, apate kuogelea. Akashushwa taratibu pembeni ya jiwe, mahali ambapo kivuli na jua vinakutana. Kisha Bi Nguchiro akafanya kitu ambacho Chama hakikuwahi kufanya juu ya jiwe lile. Akanyamaza.

Furu wa kwanza akaliwa bila kunasa. Wa pili akaponyoka. Wa tatu, hakuna. Wa nne, hakuna. Jua likaanza kuinama, na Bi Nguchiro akaanza kuuona mkia wa Bi Kicheche ukiinuka, polepole, katikati ya sebule yake.

"Wewe ndiye wa mwisho," akamwambia furu wa tano. "Cheza, baba."

Furu akacheza. Mshipi ukatetema. Ukatulia. Halafu... *VUUUP!*

Mwanzi ukapinda kama upinde. Bi Nguchiro akaburuzwa kwa tumbo hadi ukingoni, makucha yakikwaruza jiwe, *krrr, krrr!* Mkia akauzungusha kwenye ufa wa jiwe, akashikilia. Samaki akavuta, Nguchiro akalegeza. Samaki akachoka, Nguchiro akavuta. Katani ingekatika mara tatu. Ule mshipi uliofifia haukukatika, na ile ndoana nyeusi haikuachia. Jua lilipogusa maji, juu ya jiwe alilala sangara ambaye kichwa chake peke yake kilimzidi Bi Nguchiro mzima.

Hakuweza kumbeba. Akamwita Nyamizi, wakamviringisha hadi nyumbani, wakicheka kila walipojikwaa.

Jumamosi Bi Kicheche akafika, amenyooka, amenuna kwa kujiandaa. Akaketi. Kichwa cha sangara kikawekwa mbele yake katika sinia, kimekolea nyanya na nazi, akakitazama, nacho kikamtazama. Nyumba nzima ikauangalia mkia wake.

Mkia ukatulia. Halafu ukajikunja vizuri kando yake, kama paka aliyeshiba.

"Mkwe," akasema Bi Kicheche, akiguguna mfupa, "samaki huyu umemnasa kwa chambo gani?"

"Kwa furu, mkwe wangu. Na mwiko."

"Mwiko? Mwiko unanasa samaki?"

Kwa mbali, kutoka Dimbwi la Bata, sauti ya Fisi ilikuja na upepo: "...tatizo si chambo, Mwenyekiti, ni wingu! Pilipili inataka wingu jeupe!" Na sauti ya Nyati, ya taratibu: "Mimi bado naona ni mwiko."

"La, mkwe," akasema Bi Nguchiro, akimwongezea mchuzi. "Samaki alinaswa na furu. Mwiko ulinasa wavuvi."

Hadithi yangu imefika ukingoni, nao mzigo wake ni huu mmoja tu: njaa humnasa samaki, majivuno humnasa mvuvi.